Jinsi ya Kumkamata Mla Uniti Bila Kumfukuza Dada wa Kazi

Uniti zikikatika katikati ya wiki, kila nyumba huwa tayari ina mtuhumiwa wake. Kwenye nyumba yenye dada wa kazi, kosa ni la pasi yake. Kwenye nyumba ya kupanga ni mpangaji wa chumba cha uani, hasa akiwa na sabufa. Shemeji aliyekuja mjini kutafuta kazi hutajwa kabla hajamaliza chai, na mtoto wa kidato cha pili huambiwa chaja yake ndiyo inayofilisi ukoo. Kikao kinakaa sebuleni, hukumu inatoka, na kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 16 kinaendelea kunguruma juu ya vichwa vya mahakimu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watuhumiwa hao. Nataka mla uniti akamatwe kwa ushahidi, na ushahidi uko ukutani kwako, unawaka na kuzima usiku na mchana. Unahitaji simu yenye saa ya sekunde, daftari, kalamu, na familia inayoweza kukaa gizani dakika kumi bila kuanza kulaumiana upya.

Anza na ujumbe wa LUKU wenyewe, ule ambao wengi hunakili tarakimu 20 za tokeni kisha wakaufuta. Usiufute. Soma idadi ya uniti, halafu soma makato yote yaliyoorodheshwa. Malalamiko mengi ya "umeme unakimbia" ni ya pesa, wala mita haijahusika. Sikiliza majirani wawili wakiongea dukani:

"Jirani, wewe elfu kumi unapata uniti ngapi?"

"Sabini na kitu."

"Mimi ishirini na nane! Hawa wamenifungia mita ya wizi."

Hakuna mita ya wizi hapo. Mmoja yuko D1, kundi la wenye matumizi madogo, na mwenzake yuko T1, kundi la matumizi ya kawaida. Kwa bei zilizoanza kutumika 2016, uniti ya D1 ni shilingi 100 hadi uniti ya 75 kwa mwezi, na ya T1 ni shilingi 292. Ongeza VAT ya asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, zinakuwa kama shilingi 122 kwa mmoja na 356 kwa mwingine. Wanaweza kutumia umeme uleule, taa zilezile na friji la aina moja, na bado mmoja akalipa karibu mara tatu ya mwenzake. Tena mwenye D1 asijisahau: akivuka uniti 75 ndani ya mwezi, kila uniti inayofuata anainunua kwa shilingi 350 kabla ya kodi, yaani 427 baada ya kodi, ghali kuliko hata ya T1. Huyo atakuapia kwamba tarehe 25 mita ilianza kwenda mbio. Mita ilikwenda mwendo wake uleule. Kilichopanda ni bei.

Halafu kuna kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU. Anayenunua umeme wa elfu mbili mbili ataiona vizuri siku inapokatwa, maana siku hiyo karibu hapati kitu. Kwa hiyo daftarini andika uniti, shilingi ziache. Kama mwezi uliopita mlitumia uniti 110 na mwezi huu 112, hakuna mla uniti nyumbani kwenu, na kikao kiahirishwe.

Kama mlitoka 110 mkafika 190, tuendelee.

Andika salio la mita saa nne usiku watu wanapolala, liandike tena saa kumi na mbili asubuhi kabla mtu hajagusa birika. Fanya hivyo siku saba mfululizo. Usiku una faida kubwa kwa mpelelezi: wanadamu wote wamelala, kwa hiyo kinachokula saa hizo hakina ndala wala shuka. Nyumba yenye friji moja zima, feni moja, taa chache za nje na king'amuzi kilichoachwa kwenye soketi itatumia kama uniti moja na nusu usiku kucha. Ukikuta zimekwenda tano na kiyoyozi hakikuwashwa, tayari umeshamwondolea dada kesi ya pasi. Hakuna apigaye pasi saa nane za usiku.

Sasa nenda kwenye mita. Ina kitaa chekundu kinachokonyeza, na karibu yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Mita nyingine huandikwa 1600 au 3200. Maana yake, kwa mita ya 1000, ni kwamba kitaa kikikonyeza mara 1,000, uniti moja imekwenda. Hesabu sekunde kutoka mkonyezo mmoja hadi unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika nyumbani kwako dakika hiyohiyo. Kwa mita ya 1600 unagawa 2,250, na kwa ya 3200 unagawa 1,125. Mkonyezo kila sekunde 36 kwenye mita ya 1000 ni wati 100. Mkonyezo kila sekunde 2 ni wati 1,800, na hapo ujue kuna kitu mahali fulani kinapashwa moto.

Naipenda hesabu hii kuliko kifaa chochote cha kununua, kwa sababu haibagui. Anaweza kuifanya mama mwenye nyumba, mpangaji, hata dada mwenyewe anayesingiziwa, na jibu litakuwa lilelile. Tuseme watu wamelala, kila kitu mnadhani kimezimwa, na kitaa kinakonyeza kila sekunde 24. Hizo ni wati 150. Zinaonekana ndogo, lakini zikienda hivyo saa 24 ni uniti 3.6 kwa siku, uniti 108 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 38,000 kwa mtu wa T1. Matumizi madogo yasiyopumzika ndiyo yanayotupita machoni.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kile kidude cha kuingizia tokeni tu, usipande nguzo. Soma salio kwenye kidude, subiri saa moja, soma tena. Inachukua muda zaidi, lakini utabaki na miguu yote miwili.

Baada ya hapo zima meinswichi. Hapa ndipo familia inapokaa gizani. Rudi kwenye mita utazame kitaa. Mita nyingine kitaa hubaki kimewaka bila kukonyeza pasipo matumizi, hilo lisikutishe. Kisipokonyeza kwa dakika kumi, mla uniti yuko ndani, upande wako wa meinswichi. Kikiendelea kukonyeza, basi kuna kitu kimeungwa kati ya mita na meinswichi, au mita yenyewe ina hitilafu. Hapo wewe umefika mwisho wa madaraka yako. Usifungue mita, usiguse lakiri, usimwite kijana wa mtaani mwenye bisibisi na ujasiri. Piga simu kwa shirika la umeme, uandike saa uliyopiga.

Tuseme kimetulia. Chomoa kila kitu kwenye soketi, na ninaposema chomoa sina maana ya kuzima kwa rimoti. Zima taa zote. Washa meinswichi huku breka zote zikiwa chini, kisha pandisha breka moja moja, kila moja uipe dakika kadhaa. Breka ikipanda na kitaa kikaanza kukonyeza ilhali hakuna kilichochomekwa, simama hapohapo. Umempata, au umepata mlango wake.

Nyuma ya mlango huo huwa kuna mambo mawili. La kwanza ni waya usiokumbukwa na mtu. Nyumba zetu hujengwa kwa vipande: chumba kikaongezwa, likaja banda la kuku, ikaja fremu ya duka mbele, na kila nyongeza ikavuta umeme kutoka soketi iliyokuwa karibu. Fundi aliyefanya kazi hiyo alishahama mji. Fremu ikapangishwa kwa mwenye saluni, na drayeri ya nywele ya wati 1,200 ikaanza kunguruma Ijumaa na Jumamosi kutwa nzima kwenye LUKU ya nyumba ambayo watu wake wanagombana kuhusu chaja. Fuata waya kwa macho kutoka kila ukuta wa nje. Fuata na ule unaopita juu ya uzio kwenda kusikojulikana.

La pili ni umeme unaovuja kwenda ardhini, na hapa naomba tuweke utani pembeni kabisa. Waya uliochubuka ndani ya ukuta wenye unyevu, au koili ya hita iliyopasuka, unaweza kupitisha umeme kwenda ardhini mchana na usiku bila taa kuzimika wala breka kushuka. Ampea 2 tu kwenye volti 230 ni wati 460, zaidi ya uniti 11 kwa siku. Mita inazihesabu zote. Dalili zake watu huzizoea: bomba la bafuni linatekenya mkono, ukuta unapiga shoti mvua ikinyesha, mlango wa friji haushikiki bila ndala. Nyumba yenye ELCB inayofanya kazi, ile swichi inayokata umeme unapovuja, ingekata mara moja. Nyingi hazina, na nyingine waliiruka kwa waya kwa sababu "ilikuwa inasumbua". Ilikuwa inasumbua kwa sababu ilikuwa inaona kitu. Ukipata dalili hizo, shusha breka hiyo, ibaki chini, na mwite fundi umeme mwenye leseni. Uniti zitarudi, mtoto aliyeoga chini ya hita inayovujisha umeme anaweza asirudi.

Kama hakuna kilichokonyeza, rudisha vifaa kwenye soketi kimoja kimoja, kila kimoja ukikipimia wati zake kwa saa ya sekunde. Kati ya vyote, kipo kimoja ambacho sijawahi kusikia kikitajwa kwenye kikao cha familia. Ni pampu ya maji.

Pampu ya nguvu farasi moja huvuta karibu wati 1,000 inapofanya kazi. Ikifungwa na kile kiswichi kinachoiwasha yenyewe presha ya maji ikishuka, inakuwa mtumishi mtiifu kupita kiasi: tone likitoka popote, yenyewe inaamka. Sasa angalia tanki la choo. Raba yake ya chini ikichakaa, maji huteremka ukutani mwa bakuli kwa utepe mwembamba usiosikika. Presha inashuka, pampu inaamka, inajaza, inalala, inaamka tena. Ikifanya kazi dakika 10 tu katika kila saa, ni uniti 4 kwa siku, uniti 120 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 42,000 za T1 zinazopita chooni. Kwa wanaopandisha maji kwenye simtanki, ugonjwa wa aina hiyo unaitwa boya bovu: tanki limejaa, maji yanamwagika nyuma ya nyumba kwenye migomba, na pampu inaendelea kusukuma hadi mtu aone matope. Tia rangi ya chakula kidogo kwenye tanki la choo jioni, mtu asiflashi. Asubuhi maji ya bakuli yakiwa yamebadilika rangi, raba imekwisha. Raba hiyo ni bei ya soda chache.

Hita ya maji ni ndugu wa karibu wa kesi hii, hasa kwa watu wa Njombe, Mbeya, Arusha na Lushoto, ambako kuoga maji baridi asubuhi ni uamuzi mzito. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunakula uniti 2 hivi, na maji ya Njombe ya mwezi Julai huanzia chini zaidi ya hapo. Bomba la moto linalodondosha lita 50 kwa siku limekula uniti hizo 2 bila mtu kuoga. Shika bomba la maji ya moto asubuhi kabla halijafunguliwa: likiwa na joto karibu na koki, pana maji yanayopita. Hita ikiachwa imewashwa kutwa, nayo hupasha tena kila maji yanapopoa. Washa nusu saa au saa moja kabla ya kuoga, zima, mkaoge.

Pwani mtuhumiwa hubadilika akawa kiyoyozi. Dar es Salaam ya Februari haikubali kuteremka hadi nyuzi 16 kwenye chumba chenye dirisha la nondo na pazia, kwa hiyo ukikiweka 16 kompresa haitapumzika hata kidogo. Kiweke 24 au 25, ongeza feni ya wati 60, osha chujio lake kila mwezi. Kwa kiyoyozi cha BTU 12,000 kinachovuta wati 1,200, kupumzika huko ndiko kunakoamua kama usiku mmoja utakula uniti 4 au 9.

Friji nalo lipimwe kwa noti. Bana noti ya elfu kumi kwenye mlango, ufunge, uivute. Ikitoka bila kushikwa, raba ya mlango imechoka na baridi inatoka nje usiku kucha. Rudia pande zote nne, maana raba huchoka zaidi upande wa juu na kwenye kona. Barafu iliyoota ndani kwa unene wa kidole iyeyushwe, bila kuichokoa kwa kisu. Na kama ndani ya friza kuna biashara ya barafu na juisi za mifuko, biashara hiyo ijilipie umeme wake kwa hesabu iliyo wazi. Haina kosa lolote, ila gharama zake zisitafutwe kwa mtu mwingine.

Sasa watuhumiwa wa kwanza. Simu yenye betri ya 5,000 inakula kama wati-saa 25 mpaka ijae, kwa hiyo uniti moja inaijaza mara 40. Mtoto anayechaji kila usiku hamalizi hata uniti moja kwa mwezi. Pasi kavu ya wati 1,000, dada akipiga sare za wiki nzima kwa saa moja kila Jumapili bila kuisimamisha hata dakika, ni uniti 4 kwa mwezi, yaani shilingi 1,424. Na pasi hujizima na kujiwasha yenyewe, kwa hiyo kwa kweli hazifiki. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku ni uniti 3 na kidogo kwa mwezi. King'amuzi kisichochomolewa kamwe kinaweza kufika uniti 7 hadi 10, na hicho kwa kawaida ni cha baba.

Kama tayari mlimkata dada mshahara kwa ajili ya umeme, mrudishieni mwezi huuhuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kujiamulia tu, na mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi. Mrudishieni mbele ya watu waliokuwepo aliposemwa, na atajwe mla uniti halisi kwa jina: koki, raba, pampu, chochote kile. Binti wa miaka 20 aliye mbali na kwao hana wa kumtetea kwenye kikao chenu. Mwenye daftari ndiye anayepaswa kumtetea.

Nyumba za kupanga zinahitaji hatua moja zaidi, na kwangu hii ndiyo dhuluma kubwa kuliko zote kwa sababu hufanyika bila mtu kuikusudia. Chukua wapangaji watatu wanaotumia uniti 40 kila mmoja. Kila mmoja angekuwa na LUKU yake, angeweza kuwa D1 na kulipa kama shilingi 4,880 kwa mwezi. Wakiwekwa kwenye mita moja wanakuwa uniti 120, wanaangukia T1, na kila mmoja analipa 14,240 kwa umeme uleule. Kabla hawajaanza kuulizana nani ana friji, mita ya pamoja imeshawatoza karibu mara tatu ya ambacho wangelipa. Baba mwenye nyumba anayeweza kuwaombea mita zao, awaombee. Asiyeweza afunge sabmita kila chumba, awauzie uniti kwa bei anayonunulia yeye, na risiti ya LUKU ibandikwe koridoni kila inaponunuliwa, ili mwenye feni asimlipie mwenye jiko la umeme. Mchango wa kichwa kimoja elfu kumi una urahisi wake, lakini humlipisha zaidi yule anayetoka asubuhi na kurudi usiku.

Na ikiwa umefanya yote haya, nyumba nzima imezimwa, na kitaa bado kinakonyeza, nenda ofisi ya shirika la umeme iliyo karibu na uombe mita ipimwe. Usiende na maneno "inakimbia". Nenda na daftari. Wakikaa kimya, malalamiko hupokewa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati. Barua iwe na namba ya mita, tarehe na saa uliyozima meinswichi, salio kabla na baada, na usomaji wa siku zako saba. Waombe wakugongee muhuri kwenye nakala, urudi nayo nyumbani.